P2: Inafanya Kazi Kiasi Gani, na Ni Nini Huipunguza Nguvu?

SOMO LA KIKUNDI

Lengo: Mwisho wa somo, kila mwanachama aweze kueleza dawa ya dharura ya kuzuia mimba inafanya nini, haifanyi nini, na mambo gani huipunguza nguvu.
Muda: Saa moja na nusu.
Vifaa: Punje 100 za mahindi, maharagwe 8 na sinia moja.



Kuna swali ambalo akina mama huulizana wakichota maji au wakingoja zamu kliniki, lakini mkutanoni kila mtu hunyamaza na kuangalia chini: "Hii P2, kweli inafanya kazi?" Mmoja atasema ilimsaidia. Mwingine atasema alimeza na mtoto sasa yuko darasa la kwanza. Wa tatu atasema ni sumu. Basi leo tuliweke swali hili katikati ya duara tulizungumze, akina baba nao wakiwepo, maana mimba haiji kwa mtu mmoja.

KISA CHA MFANO

(Mwenye kuongoza asome polepole, mara mbili. Kisa hiki kimetungwa kwa ajili ya somo.)

Mama mmoja anaishi kijijini chini ya mlima Kasigau. Ana watoto wanne. Yeye hupanga uzazi kwa sindano ya miezi mitatu, lakini safari hii mtoto aliugua, shamba likawa na kazi, na tarehe ya sindano ikapita kwa wiki saba. Tena mama huyu yuko kwenye dawa za TB, mwezi wa tatu sasa.

Jumamosi mume wake anafika kutoka Mombasa kwa likizo ya siku chache. Usiku huo, kama saa nne, wanakutana kama mume na mke. Jumapili asubuhi mama anakumbuka sindano. Anamwendea jirani yake.

"Dadangu, nimekosea hesabu. Sindano imepita zamani."

"Usiwe na wasiwasi. Si kuna P2? Hiyo ni ya siku tatu. Jumanne si unaenda Voi? Utanunua huko huko."

Jumanne saa tano asubuhi mama ananunua dawa kwenye kemisti mjini Voi. Hakuulizwa kitu na yeye hakusema kitu, kwa sababu watu walikuwa wengi na aliona haya. Anameza hapo hapo na kuingia kwenye matatu. Saa sita na nusu, gari likiruka mashimoni, anatapika. Anajifuta mdomo na kusema moyoni, "Haidhuru, nilishameza."

Jumatano usiku anakutana tena na mume wake bila kinga. Anaamini dawa ya jana bado inamlinda. Baada ya wiki sita anapimwa na ana mimba. Kijijini wanasema, "Mnaona? P2 ni uongo mtupu."

Jadilini kwanza: Je, dawa ndiyo iliyodanganya? Hesabuni mambo yaliyokwenda kombo katika kisa hiki. Yaandikeni ubaoni au chini kwenye mchanga. Tutayarudia.

1. HII DAWA NI NINI?

Jina P2 limetoka kwa Postinor-2, jina la kibiashara ambalo watu wamelifupisha. Siku hizi kuna majina mengi kwenye kemisti, lakini dawa iliyomo ni moja: levonojestreli. Kipimo chake ni miligramu 1.5. Pakiti nyingine zina tembe moja ya 1.5, nyingine tembe mbili za 0.75 kila moja.

Zamani watu walifundishwa kumeza tembe ya kwanza, halafu ya pili baada ya masaa 12. Wengi walisahau ile ya pili, au ilikuwa ianguke saa tisa usiku wakiwa wamelala. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani lilitangaza utafiti uliofanywa kwa zaidi ya wanawake 4,000 katika nchi 10. Ukaonyesha kwamba kumeza zote mbili kwa pamoja kunafaa sawasawa na kuzigawa. Kwa hiyo meza zote mara moja.

2. INAFANYAJE KAZI MWILINI?

Kila mwezi mwili wa mwanamke huachilia yai moja. Mbegu za mwanamume zinaweza kuishi ndani ya mwili wa mwanamke hadi siku tano, zikilingojea yai hilo. Levonojestreli hulichelewesha yai lisitoke. Mbegu zinangoja, yai haliji, zinakufa.

Sisi wa Taita Taveta tunajua ndovu. Ukifunga lango la shamba kabla hawajaingia, mahindi yamepona. Ukilifunga wakiwa tayari ndani, hujafanya kitu. Dawa hii ni ya namna hiyo. Kama yai limeshatoka, au liko tayari kabisa kutoka, levonojestreli haina msaada mkubwa. Ndiyo sababu kila saa ina thamani, na ndiyo sababu hata mtu aliyefuata kila kitu sawasawa anaweza kushika mimba.

Jambo lingine lifahamike vizuri: dawa hii haitoi mimba. Mwanamke ambaye tayari ni mjamzito akiimeza, mimba itaendelea, na mtoto hadhuriki.

3. ZOEZI LA PUNJE: "ASILIMIA 85" MAANA YAKE NINI?

Mtu akisikia dawa inafanya kazi kwa asilimia 85, anafikiri wanawake 15 kati ya 100 wanaomeza watashika mimba. Sivyo. Hebu tuone kwa macho.

(a) Mwaga punje 100 za mahindi kwenye sinia. Hawa ni wanawake 100 ambao kila mmoja amekutana na mwanamume mara moja bila kinga, katika wiki ya pili au ya tatu tangu kuanza hedhi.

(b) Ondoa punje 8, weka maharagwe 8 mahali pake. Bila dawa yoyote, kama wanawake 8 kati ya hao 100 watashika mimba. Wengine 92 hawatashika mimba. Hapa ndipo tunapodanganyika. Mmoja wa hao 92 akinywa maji ya chumvi, soda au chai ya rangi kali, atasema, "Ilinisaidia." Haikumsaidia, hangeshika mimba hata bila hiyo.

(c) Sasa wote 100 wamemeza levonojestreli. Ondoa maharagwe 7, bakisha 1. Hiyo ndiyo maana ya asilimia 85: kati ya mimba ambazo zingeingia, nyingi sana zimezuiwa. Katika tafiti mbalimbali, wanaoshika mimba ni kama 1 au 2 kati ya kila 100 wanaomeza.

Sasa tuongeze saa. Katika utafiti mkubwa wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1998, waliotumia levonojestreli walishika mimba hivi:

- Waliomeza ndani ya masaa 24: 4 kati ya kila 1,000.
- Waliomeza kati ya saa ya 25 na ya 48: 12 kati ya kila 1,000.
- Waliomeza kati ya saa ya 49 na ya 72: 27 kati ya kila 1,000.

Aliyengoja mpaka siku ya tatu alikuwa na hatari kama mara sita kuliko aliyemeza siku ya kwanza. Tafiti nyingine zilizofuata hazikuonyesha ngazi zilizo wazi hivi, lakini ushauri haukubadilika: mapema ndiyo bora. Dawa inaweza kutumika mpaka masaa 120, yaani siku tano, ila nguvu yake hupungua jinsi siku zinavyokwenda.

Hesabuni pamoja: Kutoka Jumamosi saa nne usiku, masaa 72 yanaishia Jumanne saa nne usiku. Masaa 120 yanaishia Alhamisi saa nne usiku. Maneno "ni ya siku tatu" yasitufanye tupumzike siku mbili.

4. MAMBO YANAYOIPUNGUZA NGUVU

Kuchelewa. Tumeshaeleza.

Kutapika. Ukitapika kabla ya masaa matatu kupita tangu umeze, dawa huenda imetoka yote. Unahitaji kumeza nyingine haraka. Kichefuchefu kikikusumbua, kula chakula kidogo kwanza, na umwulize muuguzi kuhusu dawa ya kuzuia kutapika.

Dawa nyingine unazotumia. Ziko dawa zinazolifanya ini liivunje levonojestreli upesi kabla haijafanya kazi yake. Kubwa miongoni mwazo ni rifampisini, iliyomo kwenye matibabu ya TB. Efavirenzi, moja ya dawa za kupunguza makali ya HIV. Na baadhi ya dawa za kifafa, kama fenitoini, kabamazepini na fenobabitali. Hata kama umeacha kuzitumia, athari inaweza kubaki mpaka wiki nne. Wewe usiache dawa yako ya TB, ya HIV wala ya kifafa! Kuiacha kunaweza kukuua. Mweleze mhudumu wa afya unatumia nini. Anaweza kukushauri koili, au kipimo maradufu cha levonojestreli.

Uzito wa mwili. Kwa mwanamke mwenye mwili mzito sana, levonojestreli inaonekana kufanya kazi kidogo zaidi. Miongozo ya Uingereza hutaja uzito unaozidi kilo 70 kuwa ndipo pa kuanza kufikiria njia nyingine au kipimo maradufu. Mama mnene asinyimwe dawa wala asichekwe. Aelezwe ukweli achague.

Kukutana tena bila kinga baada ya kumeza. Hapa wengi huanguka. Tulisema yai limecheleweshwa. Halikuuawa, litatoka siku zijazo. Ukikutana na mwanamume kesho bila kinga, mbegu mpya zinaweza kulikuta. Dawa hii huangalia nyuma, haiangalii mbele. Baada ya kumeza levonojestreli unaweza kuanza tembe za kila siku, sindano au vijiti mara moja, huku ukitumia kondomu kwa siku saba za kwanza.

Dawa mbovu au bandia. Nunua kwenye kemisti iliyosajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu. Usinunue kwa mchuuzi stendi wala kuchukua tembe iliyokaa juani kwenye dirisha la duka. Angalia tarehe ya mwisho, na uone kama karatasi ya tembe haijafunguliwa.

5. NJIA NYINGINE ZA DHARURA

Koili ya shaba. Ikiwekwa na mhudumu aliyefundishwa ndani ya siku tano, huzuia zaidi ya mimba 99 katika kila 100 ambazo zingeingia. Hakuna njia ya dharura inayoishinda. Haijali uzito wako wala dawa za TB. Ikibaki ndani inaendelea kupanga uzazi kwa miaka 10 au zaidi, na ukitaka mtoto inatolewa.

Ulipristali. Ni tembe moja ya miligramu 30. Siku ya nne na ya tano hufanya kazi vizuri kuliko levonojestreli. Uliza kama ipo pale ulipo. Ukiitumia, subiri hadi siku ya sita ndipo uanze tembe za kila siku, sindano au vijiti, na utumie kondomu wakati huo.

Tembe za kawaida za kupanga uzazi. Muuguzi anaweza kukuelekeza kipimo maalum cha dharura kama hakuna kingine. Lakini katika ule utafiti wa 1998, njia hii ilizuia asilimia 57 tu ya mimba zilizotarajiwa, na iliwatapisha wengi. Usijipimie mwenyewe.

6. BAADA YA KUMEZA

Unaweza kuhisi kichefuchefu, kichwa kuuma, uchovu, matiti kuuma au kutokwa na matone ya damu. Hupita yenyewe baada ya siku chache. Hedhi inaweza kuja mapema au kuchelewa siku kadhaa. Ikichelewa zaidi ya wiki moja, kapime mimba. Ukipata maumivu makali chini ya tumbo, nenda hospitali bila kungoja.

Dawa hii haiharibu kizazi, hata ukiitumia zaidi ya mara moja. Mama anayenyonyesha anaweza kumeza levonojestreli. Lakini haizuii HIV, kisonono wala kaswende. Na kuifanya ndiyo njia yako ya kila mwezi ni kucheza na yale maharagwe: kila mara unaingiza mkono kwenye sinia, na siku moja utalitoa lile moja lililobaki. Sindano, vijiti, koili na tembe za kila siku zikitumiwa vizuri hulinda zaidi.

7. AKIBAKWA MTU

Hili tulizungumze bila kuficha. Msichana au mwanamke akibakwa, dawa ya kuzuia mimba ni sehemu moja tu ya msaada. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Kuna dawa za kuzuia HIV ambazo lazima zianzwe ndani ya masaa 72, na hapa pia mapema ndiyo bora. Ya kuzuia mimba mwisho ni masaa 120. Asioge kabla ya kupimwa, na nguo alizovaa ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, usiwe wa nailoni. Matibabu haya hutolewa bila malipo katika hospitali za serikali. Kwetu tuna Hospitali ya Moi mjini Voi, na hospitali za Wesu, Mwatate na Taveta. Simu ya 1195 hupokea taarifa za ukatili wa kijinsia bila malipo, na 116 ni kwa ajili ya watoto.

Wazee wakikaa siku nne kupatana mbuzi wangapi walipwe, saa za dawa zimekwisha. Tena Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 2006 inahesabu kubaka kuwa kosa la jinai. Si jambo la kumalizia chini ya mwembe.

8. NA IMANI YETU JE?

Makanisa hayasemi jambo moja. Waanglikana katika mkutano wa Lambeth wa mwaka 1930 walikubali kupanga uzazi kwa njia za kisasa katika hali fulani. Kanisa Katoliki, kwa barua ya Papa Paulo wa Sita ya mwaka 1968, linafundisha njia za asili peke yake. Kila mmoja ataongozwa na dhamiri yake na wachungaji wake. Somo hili halimwamulii mtu. Ila mtu hawezi kuamua vizuri akiwa amedanganywa, na kumwambia jirani "ni ya siku tatu, usiwe na haraka" ni kumdanganya, hata kama hukukusudia.

TURUDI KWENYE KISA

Linganisheni na yale mliyoandika mwanzoni:

Kwanza, sindano. Inaweza kudungwa hata ukichelewa mpaka wiki nne. Yeye alipitisha wiki saba. Tarehe ingeandikwa kwenye kalenda ya ukutani, na baba akaijua pia, haya yasingetokea.

Pili, alingoja. Kutoka Jumamosi saa nne usiku hadi Jumanne saa tano asubuhi ni masaa 61. Jumatatu asubuhi angeanza kwa kuuliza dispensari ya karibu, au kumtuma mtu aliyekuwa akienda mjini.

Tatu, dawa za TB. Alinyamaza kwa haya, na kemisti hakumuuliza. Kwake yeye koili ilikuwa ndiyo njia bora.

Nne, alitapika baada ya saa moja na nusu, asimeze nyingine.

Tano, alikutana tena na mume wake bila kinga.

Mambo matano, na ya mwisho kulaumiwa ikawa tembe. Dawa hii si uchawi, wala si uongo. Ina masharti yake, na masharti hayo yanahitaji mtu anayeyajua awe karibu kabla ya jambo kutokea.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kutoka kijijini kwetu, ni wapi karibu zaidi ambapo dawa hii inapatikana leo? Jumapili je? Usiku je?
2. Kwa nini yule mama aliona haya kusema mbele ya kemisti? Sisi tungemsaidiaje?
3. Mume wake angefanya nini tofauti?
4. Msichana wetu akibakwa leo jioni, nani atamsindikiza hospitali, na nauli itatoka wapi?

KAZI YA KIKUNDI

Kabla ya mkutano ujao, wachagueni wanachama wawili, mama na baba. Waende dispensari na kituo cha afya kilicho karibu, waulize maswali matatu: Je, levonojestreli ipo? Je, kuna anayeweza kuweka koili, na siku gani? Je, mnafungua na kufunga saa ngapi? Majibu yaandikwe kwenye karatasi moja, ibandikwe mahali pa mkutano.

Pia amueni kiasi kidogo kiwekwe kando kutoka kwenye mchango wa kila wiki kiwe nauli ya dharura, na mweka hazina aruhusiwe kumpa mwenye shida bila kumuuliza mbele ya watu. Mama wa kisa chetu alikosa vitu viwili tu: nauli ya Jumatatu na mtu wa kumwambia ukweli. Vyote viwili kikundi kinaweza kuvipata.